Bwana Sarkani Yupo

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote uliyowahi kufungua, kwa hiyo usijichoshe kuitafuta. Na kama humu kuna jambo litakalokukumbusha mahali unapopajua, nakuomba ulisahau haraka, kwa faida yako na yangu. Sisi huku tumezoea kusahau haraka.

Naitwa Ruwa. Mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Shukrani ya shamba la Kigojoni, na kazi yangu ni kuishukuru serikali kila Ijumaa, iwe imetenda jambo au haijatenda. Nasema hivi ili ujue kwamba sina kinyongo na mtu.

Kigojoni ni shamba kubwa. Ukisimama kwenye baraza ya nyumba ya kilimani, kila unachokiona ni mali ya Bwana Sarkani: bonde, mto, njia, na sisi. Bwana Sarkani anaishi ng'ambo. Baba yake aliishi ng'ambo, na babu yake alipewa shamba hili akiwa huko huko ng'ambo, na mtu ambaye naye hakuwahi kufika. Hapana hata mmoja wetu aliyemwona kwa macho, lakini hilo halijapunguza mapenzi yetu kwake. Anayetuangalia kwa niaba yake ni msimamizi, Bwana Bakuza, mtu mpole ambaye hajawahi kumpiga mtu kwa mkono wake mwenyewe.

Masharti ya kuishi Kigojoni ni mepesi. Tunaruhusiwa kupanda mihogo, mahindi na kunde, kwa sababu hivyo hung'olewa. Hatupandi mnazi, wala mkorosho, wala mti wowote unaodumu, maana mti wa namna hiyo humfanya aliyeupanda naye ajione wa kudumu. Nyumba ni za fito na makuti, bila saruji, bila bati, bila msumari. Na haturuhusiwi kuzika. Bwana Bakuza alitufafanulia hilo mkutanoni kwa upole mwingi: kaburi, kisheria, ni zao la kudumu. Aliyefiwa amchukue maiti wake hadi makaburi ya serikali, upande wa pili wa mto, mwendo wa kutwa.

Sharti jingine tulifundishwa tangu tukiwa wadogo. Mgeni akiuliza mwenye shamba yuko wapi, jibu ni moja: "Bwana yupo, amepumzika." Jirani yangu Mbodze alikuwa na kaka yake ambaye siku moja aliulizwa swali hilo na fundi wa simu, naye akajibu kwamba hajui. Kabla jua halijazama nyumba yake ilikuwa imelala chini, na mwenyewe hakuonekana tena. Bwana Bakuza alisikitika sana. Alitupitia nyumba kwa nyumba kutuuliza kama tunajua jamaa huyo alikokwenda. Tukamjibu kwamba hatujui. Akasema mara hii jibu hilo ni sahihi.

Mbodze ni mke wa rafiki yangu Dzombo, kwa hiyo mimi humwita shemeji. Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, jina lake Kadii. Mwaka wa mafuriko Kadii alishikwa na homa akafariki, na mto ulikuwa haukaribiki, sembuse kuvukwa. Tangu hapo, Bwana Bakuza akiuliza habari za mtoto, sote husema amekwenda kukaa kwa shangazi yake. Na Bwana Bakuza hupenda kuuliza.

"Kadii hajambo huko?"

"Hajambo, Bwana Msimamizi," Mbodze hujibu, huku akiendelea kupalilia ile kona ya muhogo ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuipalilia.

*

Redio ilitangaza Sheria ya Mashamba adhuhuri, tukiwa tunapumzika kivulini. Ilisema kwamba Mtukufu Mlezi wa Taifa, baada ya kuumwa na kichwa kwa ajili ya maskini, ameamuru ardhi ya kila mwenye shamba asiyekuwepo ichukuliwe na kugawiwa wanaoilima.

Mwenye redio aliizima mara moja. Hapana aliyemwangalia mwenzake. Tuliondoka mmoja mmoja, polepole, kama watu waliokumbuka kwamba wameacha chungu jikoni, tukaingia ndani na kufunga milango. Dzombo alimwagia maji moto wa mkewe, ili moshi usije ukaonekana kama wa sherehe.

Bwana Bakuza hakukawia. Alipita na vijana wake wenye marungu, akasimama uwanjani, akaniita mimi kwa kuwa ndimi mwenyekiti.

"Nasikia kuna watu wamefurahi," alisema.

"Hapana, Bwana Msimamizi."

"Hata kidogo?"

"Tumeumia," nikasema.

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Nadhani aliridhika, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, ingawa sikumbuki niliyaanza saa ngapi.

"Basi Ijumaa ishukuruni serikali," akasema. "Lakini kwa huzuni."

Tulifanya hivyo.

*

Baada ya muda tuliarifiwa kwamba Tume ya Kuthibitisha Kutokuwepo itafika Kigojoni, kumchunguza mwenye shamba kama kweli hayupo. Siku moja kabla ya kufika kwake tuliamka tukakuta madirisha ya nyumba ya kilimani yamefunguliwa. Kwenye baraza palikuwa na kiti cha bembea, na juu ya kiti koti jeusi limetundikwa. Mlangoni viatu viwili vimepigwa rangi vikang'aa. Bwana Bakuza alikuwa akitembea kwa ncha za vidole, kidole kingine mdomoni.

"Punguzeni sauti," alitwambia. "Bwana amekuja. Amechoka na safari."

Sijui nikueleze vipi hofu ile. Wanawake waliwaingiza watoto ndani. Wenye mbuzi walizifunga kengele zao kwa vitambaa. Sisi tuliosema maisha yetu yote kwamba Bwana yupo, hatukuwahi kufikiri hata mara moja kwamba huenda ikatokea akawepo kweli. Nilimkuta Mbodze kisimani, ndoo imejaa na maji yanamwagika, naye haoni.

"Shemeji, umemwona?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Nimeona viatu."

"Vina miguu ndani yake?"

"Shemeji, maswali kama hayo usiniulize. Mimi ni mwenyekiti."

Akaitua ndoo.

"Wakitugawia," alisema, "nitamwita jina lake nje, kwa sauti, kama mama mwingine yeyote."

Sikumuuliza ni nani. Niligeuka nyuma kuona kama kuna mtu aliyesikia.

*

Tume ilikuja na magari mazuri na hema la mistari, likasimikwa katikati ya uwanja. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Kilubati, mnene, mwenye sauti ya kupendeza, ambaye hata akisema "habari za asubuhi" huinua kidole.

"Ndugu wananchi," alianza, "kuwepo ni jambo rahisi. Mbuzi yupo. Jiwe lipo. Kuwepo hakuhitaji elimu. Lakini kutokuwepo, ndugu zangu, kutokuwepo kwa hakika, kutokuwepo kunakokubalika mbele ya sheria, hilo ni jambo zito na linataka ushahidi. Na hapana shahidi bora wa kutokuwepo kwa mtu kuliko mtu mwenyewe. Ndiyo maana serikali yenu sikivu imemwalika Bwana Sarkani aje hapa leo, athibitishe kwa kinywa chake kwamba hayupo."

Tulipiga makofi. Mheshimiwa aliinua mkono na makofi yakakoma, isipokuwa ya Dzombo, aliyepiga kofi moja zaidi peke yake, kisha akabaki ameikumbatia mikono yake kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Askari mmoja alichukua kipaza sauti, akakielekeza kilimani.

"Bwana Sarkani. Upo au hupo?"

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na nilihisi jasho likinishuka mgongoni taratibu kama mdudu. Moyoni nilikuwa naomba, na sikujua naomba nini. Akijibu, tumekwisha. Asipojibu, Bwana Bakuza atatuuliza kwa nini hakujibu.

Kutoka ndani ya nyumba kikasikika kikohozi.

Kilikuwa kikohozi kirefu, chenye filimbi mwishoni. Kilifanana sana na cha Mwinyi, shemeji yake Bwana Bakuza, mwenye pumu, ambaye asubuhi ile alipanda kilimani na blanketi na hakuwa ameteremka. Lakini mimi si daktari.

Mheshimiwa Kilubati aliinamisha kichwa kwa heshima. "Mtu hawezi kukohoa akiwa hayupo," alisema. "Je, Tume inaweza kumwona?"

"Amevaa nguo za nyumbani, Mheshimiwa," Bwana Bakuza alijibu.

"Ah, basi, basi. Heshima ya mtu ni kitu kikubwa. Andikeni kwamba yupo."

Wakaandika. Nilidhani kazi imekwisha, lakini Mheshimiwa alipangusa miwani yake akaendelea.

"Haki ina macho mawili. Tumemchunguza mwenye shamba, sasa tuwachunguze wanaodai kwamba wanalilima. Wapima wetu wamelizunguka shamba lote tangu alfajiri. Hawakuona mti hata mmoja uliopandwa na mtu. Hawakuona ukuta. Hawakuona msumari. Hawakuona kaburi. Nauliza, kwa uchungu: ni watu gani hawa wanaoishi mahali vizazi na vizazi, na hakuna anayekufa?" Alituangalia, tukainama. "Tume haina budi kuamua kwamba mwenye shamba yupo, na wapangaji ndio wasiokuwepo. Na asiyekuwepo hana sababu ya kuendelea kukaa. Wataondoka kabla ya mvua za masika."

Bwana Bakuza alinipa ishara. Ilikuwa zamu yangu kushukuru. Nilisimama, nikafungua kinywa, na kwa aibu nakwambia kwamba nilikuwa nimeshasema "Kwa niaba ya wananchi wa Kigojoni" pale nilipoona upande wa wanawake mtu mwingine amesimama.

Alikuwa Mbodze. Dzombo alikuwa ameruka akaishika ncha ya kanga yake na kuivuta.

"Kaa chini," alikuwa akimwambia. "Kaa, nakuomba. Mama Kadii, kaa."

Kwa jina hilo la Mama Kadii hakuna aliyemwita hadharani tangu mwaka wa mafuriko. Nadhani Dzombo hakujua kwamba limemtoka. Mbodze alimgeukia akamtazama, kisha akaifungua kanga ya juu akamwachia mikononi, akabaki na gauni lake lililochakaa.

"Mheshimiwa," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mheshimiwa, kaburi lipo."

"La nani?"

"La mwanangu."

Bwana Bakuza alitabasamu. Ni tabasamu lake ninaloliogopa kuliko marungu. "Mama amechanganyikiwa na jua," alisema. "Mtoto wake yuko kwa shangazi. Mimi mwenyewe humsalimia kila mara."

"Hana shangazi, Bwana Msimamizi. Dzombo hana dada."

Vijana wa marungu walianza kujongea, na watu waliokaa karibu na Mbodze walisogea mbali naye, hata mimi nilisogea, ingawa nilikuwa upande mwingine kabisa wa uwanja. Lakini Mheshimiwa Kilubati aliinua kidole. Nadhani hakuwa na huruma. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulimtaka kila kitu kinachodaiwa kuwepo kikaguliwe.

Tulimfuata Mbodze hadi kwenye ile kona. Alitembea kama mtu anayekwenda kuchinjwa, akijikwaa, akiegemea majani. Alipofika alipiga magoti akang'oa mihogo kwa mikono, shina baada ya shina, akafukua udongo kidogo. Yakatokea mawe ya mtoni, meupe, yamelazwa yakafunikwa ili jembe la mtu lisiyaguse.

"Kichwa kiko huku," alisema.

Mheshimiwa Kilubati alitazama chini, mikono nyuma. "Na una hakika kwamba yupo?"

"Yupo."

"Hajawahi kuondoka? Hata kwa muda? Tume ni lazima iulize."

"Hajaondoka," Mbodze alisema, na hapo ndipo alipolia.

Kisha Mzee Lwambi, ambaye ni mkongwe kuliko sote na kwa kawaida huogopa hata kupiga chafya, alikohoa kidogo akaonyesha kwa fimbo yake. "Na mama yangu yupo. Pale lilipoegeshwa gari lenu."

Mwanamke mmoja akasema mumewe yuko kando ya njia. Mwingine akasema ana wawili, mapacha, chini ya jiwe la kusagia. Sauti zilitoka huku na huku, ndogo, za watu walioinama, kama wagonjwa wanaoitwa majina zahanati. Wajumbe wa Tume walianza kuangalia walipokanyaga. Mmoja aliinua mguu na hakujua pa kuuweka. Na mimi nikasikia mtu akisema, "Baba yangu yuko katikati ya uwanja, chini ya hema lenu," na ilinichukua muda kutambua kwamba mtu huyo alikuwa mimi.

*

Mheshimiwa Kilubati aliomba maji ya kunywa, akajifungia garini na wajumbe wake, baada ya gari kusogezwa. Walipotoka, uso wake ulikuwa umepata nafuu.

"Tume imefurahishwa," alisema. "Imethibitika kwamba Kigojoni kuna wakazi wa kudumu, walioko shambani usiku na mchana, wasiotoka hata kwenda sokoni. Uaminifu wa namna hii kwa ardhi ni nadra sana katika taifa letu. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa na Mtukufu Mlezi, nawagawia ardhi hawa waliopo: kila mmoja kipande anachokilalia. Sehemu iliyosalia ni ya Bwana Sarkani, ambaye naye yupo. Ama walio hai, sheria haiwatambui. Lakini mwenye kipande akiwakaribisha, wanaweza kukaa kwake kama wageni."

Jioni redio ilitangaza kwamba ugawaji wa ardhi Kigojoni umefanikiwa kwa amani, na kwamba hapana hata mmoja wa waliopewa aliyelalamika. Wapima walizungushia kila kaburi vigingi vya chuma, vyenye sura ya Mtukufu Mlezi kichwani, na wakatuonya kwamba atakayeking'oa kigingi, au kukiruka bila kukaribishwa na mwenye kipande, amemkanyaga Mtukufu usoni, na adhabu yake ni kunyongwa. Kisha Tume ikaenda zake, kumkagua asiyekuwepo mwingine.

Bwana Bakuza hakusema neno. Siku iliyofuata hakusema neno, wala iliyofuata hiyo. Tulikuwa tukisikia hatua zake tu njiani, zikisimama mbele ya kila mlango, kisha zikaendelea. Watu walilala na nguo zao za safari.

Siku ya tatu, mchana kweupe, vijana wake waliivunja nyumba ya Mbodze. Haikuwachukua muda, ilikuwa haina msumari. Niliona makuti yakiruka, nikakimbia, si kusaidia, nakwambia ukweli, bali kwa sababu miguu ilikataa kukaa. Nilipofika, shemeji yangu na mumewe hawakuwepo pale. Walikuwa kwenye ile kona, ndani ya vigingi. Kipande chenyewe ni kidogo, cha mtoto. Mbodze alikuwa amekaa amekumbatia magoti, na Dzombo ubavuni pake, sufuria yao mapajani, mguu wake mmoja umebaki nje ya mstari. Alipowaona vijana wanakuja aliuvuta ndani upesi.

Vijana wale walifika kwenye kigingi wakasimama. Walimtazama Mtukufu usoni, wakarudi nyuma hatua kadhaa. Bwana Bakuza alifika nyuma yao akihema.

"Mama, toka hapo," alisema.

"Mimi ni mgeni hapa, Bwana Msimamizi." Maneno yalikuwa yakimkatika. "Kutoka si juu yangu. Mwambie mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Kadii."

Bwana Bakuza aligeuka akanitafuta kwa macho. Mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Shukrani, na katika shida zake nyingi nimewahi kumfaa. Niliangalia chini. Watu walikuwa wamekusanyika mbali kidogo, na kila mmoja alionekana yuko tayari kukimbia. Hakukimbia mtu.

Alisimama pale muda mrefu, jua likimchoma. Aliinua mguu mara moja, akakitazama kile kigingi, akaushusha. Mwishowe Bwana Bakuza alivua kofia. Alitazama kushoto na kulia, kama anayehofia kusikiwa, akasema kwa sauti ndogo:

"Hodi."

Akaikunja kofia mikononi.

"Hodi, Kadii."

Mbodze alimtazama. Sijui alipata wapi nguvu ya kumtazama vile.

"Ngoja," alisema. "Nimuulize."

Akainama, akaweka sikio kwenye udongo. Na Bwana Bakuza, kofia mkononi, akangoja.